Mtama wa Mama Mkwe Kwenda Nairobi

Jumatatu, 1 Desemba
Mimi ni mtu wa bahati. Nilizaliwa siku ya mvua kubwa, bibi akatamka: huyu kaletwa na mvua, hatalala njaa. Hapa Mkiwa hakuna mwingine kama mimi. Leo mama mkwe, Bi Severina, kanikabidhi gunia zake sita za mtama. Chakula chote cha nyumba mpaka mavuno! Nimemweleza: Nairobi wanautafuta mtama, lori la Hiren wa Singida mjini linapita Ijumaa, tukiuza huko tutanunua mahindi mara mbili yake. Mambo ya nje nayajua. Niliwahi kufika Namanga. Nilirudishwa, lakini nilifika. Kauliza, na mpaka ukifungwa je? Nikamwambia mama usiwe na wasiwasi, una mkwe. Kasema ndiyo wasiwasi wenyewe.

Jumanne, 2 Desemba
Balaa. Hiren kapiga simu: lumbesa, yaani gunia la kujazwa mpaka shingoni, hataki, atalipa kwa kilo. Na mtama wa mama ni mkavu, mwepesi kama pumba! Nimewaza mpaka kichwa kikauma. Kisha kila gunia nimelimwagia ndoo moja ya maji. Maji nayo ni kilo. Darasa langu la sita linatosha kabisa. Mke wangu Loyce kauliza mbona sakafu imelowa. Nikasema nimedeki. Kaniangalia sana. Tangu tuoane sijadeki.

Ijumaa, 5 Desemba
Nimechoka. Hiren kachoma gunia la kwanza kwa bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, likatoka na mizizi myeupe. La pili vilevile. Kasema taratibu, kama daktari anayetoa majibu, kwamba Wakenya wanataka nafaka kavu yenye cheti, bustani wanazo kwao. Nikasingizia hali ya hewa. Kaongeza kwamba hata ungekuwa mkavu, Uganda wamevuna vizuri, bei imeshuka, dizeli imepanda, yeye mwenyewe anapeleka nusu lori. Kumbe mvua ya Uganda nayo inanihusu! Kaninunulia soda, kaondoka. Nimebaki barabarani na gunia sita zinazoota.

Jumamosi, 6 Desemba
Mama mkwe kaja. Kafungua gunia, kanusa. Kisha kasema hiki sasa ni kimea, kianikwe upesi. Gunia mbili zimeoza. Nne zinafaa pombe. Na mama ni mzee wa kanisa! Kaenda mwenyewe kwa Yunisi mpika pombe, waliyenuniana naye tangu sijaoa, wakabadilishana kimea kwa mahindi. Loyce kamuuliza Mungu atasemaje. Kajibu: Mungu kakataza kutupa chakula, hakusema nani akinywe. Nikampa baiskeli yangu aiuze. Kakataa, eti haina breki, kama mwenyewe. Mahindi yatatufikisha Machi. Kutoka Machi mpaka mavuno hatuna kitu.

Jumatatu, 8 Desemba
Yunisi anataka kimea zaidi. Nimewaza: kama Mkiwa wanakunywa hivi, Burundi je? Nimeshampigia dereva mmoja wa malori ya huko. Loyce ana debe la uwele chini ya kitanda. Sijamwambia. Ndoo ninayo.

Na ile ya bibi na mvua? Uongo. Nilizaliwa Septemba, vumbi tupu, na bibi siku hiyo alikuwa kwa jirani anaomba unga.