Samadi ya Simba, Shamba la Bi Nana

Jumatatu, 3 Julai 1967. Chundwa.
Kesho safari! Mimi, Tima mke wangu, binti yetu Swafiya, na mama mkwe Bi Nana. Tunakwenda Tanzania, Morogoro, kwa shemeji yangu Abdulkadir anayefanya kazi reli. Wote wanadhani nakwenda kusalimia jamaa. Na wadhani.

Taabu yangu ni nguruwe. Mahindi katika shamba la Bi Nana yameshabeba, na wao wameshapata habari. Kila mwaka wanavuna kabla yangu. Bi Nana ametamka mbele za watu: mwaka huu nisipovuna, shamba anampa Jeilani. Jeilani ni mwanyumba wangu, kamuoa dada yake Tima. Mtu wa kuamka mapema. Simpendi.

Dawa wanayoijua watu wa hapa ni moja tu: kupanda juu ya dungu, jukwaa la walinzi shambani, kupokezana zamu na majirani usiku kucha na kupiga madebe. Mgongo wangu hauwezi. Zamu zangu za safari hii kazichukua Jeilani mwenyewe, bila kuombwa. Ananitafutia ubaya. Lakini dereva mmoja wa lori pale Mokowe kaniambia nguruwe akinusa choo cha simba hukimbia asirudi. Na simba wako Mikumi, karibu na Morogoro. Akili ni mali!

Jumamosi, 8 Julai. Morogoro.
Siku nne za mashua na mabasi. Swafiya katapika Tanga. Nimemwambia Abdulkadir itakuwa dhambi mtoto arudi kisiwani hajaona wanyama. Kaingia huruma, kaazima Landrova ya rafiki yake. Tima kanitazama sana, kaniuliza tangu lini napenda mandari. Nikasema tangu utotoni.

Jumapili, 9 Julai. Mikumi.
Subhanallah! Sikujua. Twiga! Damu inapandaje shingo ile? Nimemwuliza Bwana Crispus, askari wa mbuga tuliyepewa langoni. Kasema moyo wake ni mkubwa. Na akiinama kunywa maji, mbona haimjai kichwani? Akasema hilo nimwulize aliyemuumba. Swafiya akauliza twiga akipaliwa anakoholea wapi. Hakuna aliyejua. Kiboko mimi nilidhani ni jamii ya samaki. Bi Nana kamtazama, kasema kafanana na mtu fulani wa Ndau, na jina akalitaja. Tembo kaoga, katoka, kajimwagia vumbi. Sasa alioga kwa nini? Saa mbili nzima niliisahau kazi iliyonileta. Nakiri nilifurahi kama mtoto.

Kisha simba. Nilitazamia kishindo. Dume kalala chali, miguu juu, saa nne asubuhi, jike ndiye aliye macho. Nilimpenda huyo dume papo hapo.

Lakini kushuka garini marufuku! Hila ya kwanza: nikashika tumbo, nikaugulia. Bwana Crispus akasema choo kipo langoni. Tukarudi maili saba. Nikakaa chooni bila haja yoyote. Hila ya pili: simba walipokwisha kuondoka, nikaidondosha dirishani kofia yangu ya vito, ile ya matundu ya kudarizi, sawasawa juu ya rundo la samadi. Kofia aliyoishona Tima kwa miezi minane. Crispus akashuka na bunduki kuiokota. Nikamwomba, maadamu yuko chini, anichotee na ile samadi. Akauliza ya nini. Nikasema ya dawa. Akacheka hadi akaegemea gari. Akaujaza mkebe wetu wa biskuti, akasema simba hawajapata kuja kudai.

Tima aliipokea kofia kwa ncha za vidole.

Jumapili, 16 Julai. Chundwa.
Tumefika salama. Katika mabasi yote tulikaa kwa nafasi, hakuna aliyetusogelea.

Mahindi mazima! Hata gunzi moja halikuguswa. Jeilani kanikumbusha kwamba zamu yangu ni kesho. Nikamwambia mambo ya zamu yamekwisha. Nikakoroga mkebe mzima kwa maji, nikanyunyiza kwa ufagio shamba lote: mpakani, kwenye ngazi ya dungu, hata kivulini pale walinzi wanapotandika misala ya kusalia. Sikubakisha kona. Nimelala vizuri sana.

Jumatano, 19 Julai.
Walinzi wameondoka. Wote sita. Alfajiri ya juzi walitaka kusali, wakanusa. Barka, mkubwa wa zamu, kaja kunigongea kuuliza ni kitu gani kile. Nikamweleza kwa fahari. Kumbe nimekosea! Kaniuliza kama najua kwamba nimemwaga najisi mahali pa sala, na nguo za watu sita zimeshaingia uchafu ule. Kasema hawawezi kukesha pahali wasipoweza kusali. Wamehamia shamba la Jeilani, wamejenga dungu jipya.

Nikawaombea heri. Simba peke yake anatosha.

Ijumaa, 21 Julai.
Wamekula yote. Yote! Nyayo zimepita juu ya samadi, na mmoja, naona, kagaagaa ndani yake. Ni nini kilichomvutia? Nilichuchumaa kutazama vizuri. Hapo ndipo Bi Nana aliponikuta.

Hakupiga kelele. Akasema, "Famau, nguruwe wa nti hini hawajamuona simba tangu mabibi zao. Watamuogopaye?"

Kweli, watamwogopaje wasiyemwona? Tena ni swali zuri.

Baada ya sala ya Ijumaa Jeilani akapewa shamba mbele ya watu. Tima kalia. Shambani pale ndipo marehemu baba yake alipomfundisha kupanda, na alitumai siku moja litakuwa la Swafiya. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Niliona haya. Nilitaka kumwambia nitapanda dungu kila siku ya maisha yangu, lakini dungu si letu tena.

Jumapili, 23 Julai.
Bi Nana, kwa ajili ya Tima, katuachia kipande cha mihogo nyuma ya kisima. Mara ya mwisho, kasema. Nguruwe wanapenda mihogo pia. Jeilani kaja kwa adabu zake zote, kaniambia niungane nao, tupokezane zamu. Tima kanitazama kwa matumaini. Nikamshukuru Jeilani, nikakataa.

Nimefikiri siku mbili. Kosa halikuwa kwenye dawa. Kosa ni la nguruwe: wamepata harufu kabla ya kumjua mwenyewe. Kila elimu ina mwanzo wake. Basi leo nimemwandikia Bwana Crispus barua, kurasa mbili, kumwomba simba mmoja. Si lazima awe mkubwa. Tima kauliza ni barua ya nani, nikasema ya salamu. Mwishoni nimeuliza kama simba hula samaki papa, maana hapa kwetu nyama ni ghali.