Ndakitali Anayeongea Kikamba

Wazo lilimjia Ndolo akinywa chai ya kununuliwa. Mawazo yake yote makubwa yalimjia wakati mtu mwingine analipa.

Alikuwa kwenye hoteli moja karibu na soko la mji wa Wote, Makueni. Meza ya pili mkulima mmoja alishika simu mpya aliyoletewa na mwanawe, akaiuliza kwa nini majani ya ndengu zake yanageuka manjano. Simu ikamjibu kwa sauti tamu ya kike, kwa Kiingereza cha kunyoosha kola. Hoteli nzima iligeuka kusikiliza. Mpishi aliacha chapati ikaungua. Hakuna aliyeelewa neno.

"Iulize kama inajua Kikamba," akasema mama mmoja aliyekuwa na kikapu cha maembe miguuni.

Mkulima akaiuliza. Simu ikaomba radhi, kwa Kiingereza.

"Basi haina akili," mama akakata shauri, na watu wakarudia chai zao.

Ndolo hakurudia yake. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye suti moja aliyoitunza vizuri kuliko alivyowahi kumtunza mtu yeyote. Alikuwa amewahi kuuza mashamba yasiyokuwepo, na simu ambazo ukizifungua ndani unakuta sabuni. Lakini sasa aliona kitu kipya kabisa. Dunia nzima ilikuwa mbioni kutengeneza mashine inayoongea kama mtu. Yeye angeifikia kwa njia ya mkato: angechukua mtu aongee kama mashine.

Mtu alimpata Kyuso, kule Kitui. Kathini alikuwa akitangaza matanga na mikutano ya injili kwenye gari la spika, na alikuwa na sauti ambayo hata ikitaja kifo unahisi umebembelezwa. Ndolo alimkuta sokoni kwenye kivuli cha duka la ndengu, akila mahindi ya kuchemsha.

"Dada, hiyo sauti yako unaipoteza kwa wafu," akamwambia. "Njoo Wote tuifanyie kazi ya teknolojia. Nusu kwa nusu."

"Teknolojia gani?"

"Ya kisasa. Wewe ndiwe utakuwa kompyuta."

Kathini alimtazama kutoka viatu hadi kola. "Na kompyuta inakula saa ngapi?"

"Inakula ikishamaliza kazi."

"Basi iwe inamaliza mapema," akasema, akaenda kuchukua mkoba wake.

Kliniki ilifunguliwa katika chumba cha kukodi nyuma ya kinyozi. Mashine yenyewe Ndolo aliiunda kwa mikono yake, na kwa muda mrefu baadaye aliamini kwamba angezaliwa nchi nyingine angekuwa injinia. Kulikuwa na kompyuta ya zamani isiyo na betri, mizani ya jikoni ya kuwekea kiganja, taa za Krismasi zilizozunguka zote mbili, na spika ndogo. Waya mmoja ulipita chini ya pazia hadi chumba cha nyuma, ambako Kathini alikaa na kipaza sauti na blanketi mapajani, akichungulia kwenye tundu la pazia. Ukutani Ndolo alibandika maandishi makubwa, yakiita daktari kwa Kikamba: NDAKITALI SMART, AKILI YA KOMPYUTA KWA LUGHA YAKO.

Mgonjwa aliweka kiganja. Taa zikametameta. Kisha sauti ikamwambia kwa Kikamba, "Habari ya tangu asubuhi, mwaitu, mama yangu. Mgongo unakusumbua, ama ni roho?"

Watu walilia. Wengine waliitikia na kuipa pole kwa kazi nyingi. Mwisho wa matibabu Ndolo alimuuzia kila mmoja pakiti ya unga wa dawa, ambao ulikuwa majani ya mwarobaini na unga wa mtama, zaidi mtama.

Hatari zilikuwepo. Mzee mmoja aliuliza kwa nini mashine inaongea Kikamba cha Kitui.

"Kiwanda kiko huko," Ndolo akamjibu.

"Si wangetengeneza ya Makueni?"

"Ya Makueni inakuja. Ni ya bei ya juu kidogo."

Mzee akatoka ameridhika. Siku nyingine, katikati ya kumsikiliza mwalimu wa Sunday school, mashine ilipiga chafya.

"Usiogope," Ndolo akasema bila kupepesa. "Kompyuta yoyote ina virusi. Hii ni ya kisasa, inavitoa."

Mambo yaliharibika, au yalinoga, siku alipokuja Muthoki, mama wa makamo aliyefika akihema kama aliyepanda kilima. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba hadi kiatu kimekataa kuingia. Ndolo alimwona, akaona pia mkoba wake, na akagonga meza kwa kidole. Hiyo ilikuwa ishara ya kumwambia Kathini aagize pakiti kubwa.

Ndolo akagonga tena.

"Mwaitu," ikasema sauti, "huo mguu na huko kuhema si vitu vya kuchezea. Toka hapa uende hospitali. Sasa hivi. Usipitie nyumbani kufungia mbuzi, usinunue kitu chochote hapa. Huyu bwana mwenye suti atakulipia boda."

Ndolo alikohoa hadi macho yakatoka. Lakini Muthoki alikuwa ameshasimama, na foleni nzima ilikuwa inamtazama bwana mwenye suti. Akalipa boda.

Jioni walipofunga alimvamia Kathini nyuma ya pazia. "Wewe ni kompyuta gani inayofukuza wateja?"

"Umemwona alivyokuwa anahema?"

"Mimi siangalii kuhema, naangalia biashara!"

"Basi tafuta mashine isiyo na macho," Kathini akasema, akakunja blanketi lake.

Muthoki aliambiwa hospitalini kwamba damu ilikuwa imeganda mguuni na kipande kimeanza kusafiri kuelekea mapafu. Madaktari walimwambia angengoja kidogo tu, wangekuwa wanampokea mlango mwingine, ule wa mochari. Aliporudi alileta jogoo mwekundu, zawadi ya mashine, na ushuhuda alioutoa kanisani ukasimamisha ibada. Ndolo alipokea jogoo kwa niaba ya mashine. Alimla mzima, isipokuwa shingo, ambayo alimpa Kathini.

Kuanzia hapo foleni ilifika barabarani. Ndolo alianza kutembea polepole, kama mtu anayebeba elimu kichwani na anaogopa isimwagike. Aliambia watu kwamba ile programu ya mguu ndiyo iliyomsumbua zaidi kuiandika. Na usiku mwingine, akiwa peke yake, aliamini kwamba kweli aliiandika.

Ndipo alipokuja Kasyoki. Huyu alikuwa na duka kubwa la dawa za mifugo, tumbo la kutangulia, na sifa ya kuwauzia watu maji ya chumvi kwa jina la chanjo. Alisimama kliniki asubuhi nzima bila kuumwa, akitazama foleni kama fisi anayetazama zizi.

"Kijana," akamwambia Ndolo, "hii mashine niuzie."

Moyo wa Ndolo uliruka. Alikuwa ameanza kuhesabu siku kabla mtu hajainua pazia, na sasa huyu hapa mzee mlafi, analeta mlango wa kutokea na pesa juu. Akakataa kwa huzuni. Kasyoki akaongeza. Ndolo akakataa akiwa na huzuni pungufu. Walipofikia kiasi ambacho kingemnunulia Ndolo lori na dereva, alipangusa chozi akakubali.

"Kesho saa nne," Kasyoki akasema. "Lakini mimi sinunui kitu kabla sijaongea nacho."

Usiku huo Kathini alimsikia Ndolo kupitia ukuta wa mabati, akijipigia hesabu zote kwa sauti. Asubuhi alimngoja Ndolo mlangoni.

"Leo ni leo," akasema. "Nusu yangu nitapewa hapa au nitatumiwa?"

Ndolo alicheka kicheko cha mtu aliyekwisha kununua lori. "Nusu gani, Kathini? Nani aliunganisha taa? Nani ana suti? Wewe ulikuwa sauti tu. Nitakupa nauli ya Kyuso na kitu cha kuwanunulia nyumbani sukari."

Kathini hakubishana. Alisema "Sawa," akaingia nyuma ya pazia. Mtu mwenye akili angeogopa hiyo sawa. Ndolo alikuwa anajitazama kwenye kioo cha kinyozi.

Saa nne Kasyoki alikaa mbele ya mashine, simu mkononi, kiganja kwenye mizani. Taa zikametameta.

"Mashine," akasema, "nikikununua utanifanyia kazi?"

"Nitakufanyia, mzee," ikasema sauti, nyororo kuliko siku zote. "Nimekuwa nikimngoja mtu kama wewe."

Kasyoki alitabasamu. Ndolo alitabasamu.

"Lakini jambo moja," sauti ikaendelea. "Mimi ni ya kisasa. Malipo yangu hayapiti kwa binadamu. Toa simu yako, ulipe kwa till namba yangu mwenyewe, ile ya kupokelea pesa kwa simu."

Tabasamu la Ndolo lilibaki usoni peke yake, mwenyewe akiwa ameshaondoka. "Mzee, ngoja. Hii ni... mtandao unasumbua. Tuizime kidogo."

"Usiguse!" Kasyoki akamzuia kwa mkono. "Inajilipisha yenyewe?"

"Haijilipishi! Hiyo si mashine inayosema, ni..." Ndolo akafunga mdomo.

"Ni nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Kulikuwa na jibu moja la kuokoa pesa zake, na jibu hilohilo lilikuwa la kumpeleka jela. Ndolo, mtu ambaye hakuwahi kukosa neno hata mbele ya hakimu, alitafuta neno chumba kizima akalikosa.

"Ni akili," akasema kwa sauti ndogo. "Ni akili tupu, mzee."

"Hata mimi naona," Kasyoki akasema kwa heshima.

Sauti ikataja namba, taratibu, mara mbili, kama mtu aliyezoea kutangazia makaburini. Kasyoki akabonyeza. Akasoma jina lililotokea: "Sauti Health Services. Ni hii?"

"Ndiyo hiyo, mzee. Barikiwa."

Ndolo alisikia kwa mbali simu ikilia ting nyuma ya pazia, na ilikuwa kama msumari wa mwisho kwenye jeneza la lori lake. Alielewa kwamba mtu hapati till namba kwa asubuhi moja. Huyu mwanamke alikuwa ameipata zamani, labda tangu siku ya shingo ya kuku.

"Sasa nizime," sauti ikasema. "Nimechoka. Usiniwashe mpaka kesho, na huyu bwana akusaidie kunibeba mpaka garini. Ana mgongo mzuri."

Ndolo alibeba. Alibeba kompyuta, mizani na taa hadi kwenye pikapu ya Kasyoki, na Kasyoki mwenyewe akimkemea asitikise. Pikapu ilipopinda kona alikimbia nyuma ya pazia. Alikuta blanketi limekunjwa vizuri, kipaza sauti juu yake, na mlango wa uani ukipigwapigwa na upepo.

Alimpigia simu. Kathini alishika.

"Kathini! Dada yangu! Rudi tuongee kama watu wazima!"

"Niko njiani, siwezi kukusikia vizuri," ile sauti tamu ikamjibu. "Nakushauri uende mbali, Ndolo. Kesho anaiwasha."

Simu ikakatika. Ndolo akavua tai, akaomba lifti kwenye lori la mchanga, na jioni ikamkuta Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga, amekaa chini pamoja na wasafiri wengine, anakula dengu na chapati za bure. Zilikuwa tamu sana. Alikasirika kwa jinsi zilivyokuwa tamu.

Kasyoki hakwenda polisi. Angeanzia wapi? Aliiwasha mashine mbele ya mchungaji na kwaya aliyoialika kwa uzinduzi, ikawaka taa na kunyamaza. Akasema inafunga na kuomba. Wiki iliyofuata aliiuza kwa mfanyabiashara mmoja wa mifugo huko Kyuso, na nasikia huyo naye anatafuta mnunuzi.

Ndolo alibaki Makindu akiosha malori. Usingizi ulimkataa, kichwa kikawa kinagonga, na mwishowe waoshaji wenzake walimsukuma aende dispensari. Muuguzi alikuwa binti wa Kisomali aliyeitwa Ilhan, mpole, mwenye kazi nyingi. Akampima presha, akatikisa kichwa, akamwekea simu mezani mbele yake.

"Mzee, Kikamba changu ni cha kusalimia tu," akasema. "Hii itakuuliza maswali, wewe jibu. Ni kompyuta, usiogope."

"Mimi?" Ndolo akasema. "Niogope kompyuta?"

Simu ikaamka. "Habari ya tangu asubuhi, mzee," ikasema kwa Kikamba. Kikamba cha Kitui. "Mimi ni msaidizi wako wa afya, kutoka Sauti Health Services."

Ndolo aliruka hadi kiti kikaanguka. "Kathini!"

"Ni kompyuta, mzee," Ilhan akasema.

"Si kompyuta! Huyu ni mtu! Namjua! Anapenda mahindi ya kuchemsha!"

"Wazee wengi wanafikiri hivyo siku ya kwanza. Kaa tu."

"Msichana, sikiliza mtaalamu! Hakuna mashine inayoongea hivi! Lazima yuko nyuma ya pazia!"

Na pazia lilikuwepo. Ndolo alilifikia kwa hatua ndefu, akalivuta kwa nguvu zote. Nyuma yake alikuwa mzee mmoja ameinama, suruali magotini, akingoja sindano. Walitazamana.

"Funga," mzee akasema.

Ndolo akafunga. Ilhan alimwinulia kiti, kama mtu anayemhurumia mgonjwa ambaye hali yake ni mbaya kuliko alivyofikiri. Ndolo akakaa. Simu ilikuwa bado inamngoja, kwa subira ambayo hakuwahi kuiona kwa binadamu aliyemjua.

"Je," ikauliza, "kuna kitu kinakunyima usingizi?"

"Hapana," Ndolo akasema.

"Samahani, sijakusikia vizuri. Tafadhali rudia."

Alimtazama Ilhan. Ilhan alikuwa anaandika. Akainama hadi mdomo ukakaribia kugusa simu.

"Ndiyo," akanong'ona. "Ni wewe."

"Asante," ikasema sauti. "Jibu lako limepokelewa."