Pawatila Yangu Haina Nauli

Jumatatu, 1 Novemba 2010. Msangano.
Nimewauza maksai wote wanne ninunue pawatila, lile trekta dogo la kuongozwa kwa mikono. Kabula, mke wangu, aliendelea kupepeta mchele tu. Hapo ndipo niliogopa. Nimemwahidi pawatila itakuwa shambani kabla ya mvua, la sivyo mwaka huu hatulimi. Jirani yetu Roda anakusanya wanaonunua mashine hizo Mbeya. Kagundua lori linalopeleka mpunga wetu mjini hurudi tupu. Kaliwahi! Mashine sita, meno ya kulimia ndani ya kreti zilezile, nauli wanachangiana. Mama yule ana kichwa. Kaniwekea nafasi ya saba. Nikamshukuru, nikakataa. Kwa nini nilipe kidogo wakati naweza kutolipa kabisa?

Jumatano, 3 Novemba. Mbeya.
Nimenunua! Fundi wa duka kaifungua vipande vitatu, akaniuliza mara mbili kama niko sawa. Injini imeondoka na mjomba Makene, aliyeleta kahawa na sasa anarudi Iyula. Matairi na mikono ya kushikia vimepanda kosta, basi dogo la msiba, pamoja na shemeji Jairo, hadi Tunduma. Wafiwa wamekalia matairi. Meno ya kulimia nimeyapakata mwenyewe kwenye basi. Abiria wa pembeni kahama kiti. Nauli ya mzigo: hakuna.

Jumamosi, 6 Novemba. Iyula.
Mjomba kaifunga injini yangu kwenye mashine ya kusaga. Anasema alikuwa anaijaribu tu. Foleni ya kina mama imefika barabarani na wote wanaisifu. Kusema kweli inanguruma vizuri mno, nilisimama pale kama baba wa bwana harusi. Nilikuja kuichukua, nikakuta ameshachinja mbuzi. Huwezi kula mbuzi wa mjomba kisha ukadai injini siku hiyohiyo. Kesho.

Jumanne, 9 Novemba. Bado Iyula.
Amechinja wa pili.

Alhamisi, 11 Novemba. Tunduma.
Mjomba kaniambia nikusanye kwanza vipande vingine, maana injini peke yake nitalimia nini. Nikaondoka. Nimekuta matairi yangu chini ya mkokoteni wa Jairo, unavusha sabuni kwenda Nakonde, Zambia. Hakuna mkokoteni mzuri kama ule mpakani pote. Jairo kasema ndugu hamnyimi ndugu, nimwachie hadi Krismasi. Dada yangu, mkewe, alikuwa pale ananitazama. Nikamwachia.

Jumapili, 14 Novemba. Msangano.
Mvua imeanza asubuhi. Nimefika na meno ya kulimia begani. Lori la Roda lilishafika, mashine sita ziko bondeni, zinageuza udongo vizuri ajabu. Kabula aliyatazama meno yangu, akatazama mvua, akauliza kama tunayapika. Niliona aibu. Nimekaa nyuma ya zizi tupu hadi nikalowa.

Jumatano, 17 Novemba.
Pawatila ya Roda imegonga kisiki, meno yamepinda. Akaja kwangu. Akasema nikimwazima yangu, ataanza na shamba langu kabla ya lake. Kayafunga mwenyewe, kalima mpaka jioni, kaomba uji tu. Kabula alimsindikiza hadi njiani wakicheka. Nadhani walikuwa wananicheka mimi.

Jumapili, 21 Novemba.
Shamba lote limelimwa na mbegu ziko chini. Nimesimama kanisani nikasema sijaona mtu kama Roda, na nilimaanisha. Baada ya ibada akanifuata. Mwezi ujao lori linarudi tupu tena, wanaleta matela ya kufunga nyuma ya pawatila, nafasi yangu ipo. Nimemshukuru sana. Lakini nimepiga hesabu zangu: nilikuwa na kipande kimoja tu cha pawatila, na shamba limelimika. Tela ni bodi na magurudumu mawili basi. Halafu nasikia tarehe nne kuna harusi ya ukoo Mbeya. Kosta mbili!