Mawaridi ya Kuazima na Mlimau wa Uani

Jumatano, 18 Oktoba
Nimeingia kwenye ramani ya wageni! Wikendi hii mji wetu wa Wandoolah unafungua malango kwa wageni: nyumba sita za kale, bustani saba, na ya nane ni yangu mimi, Mervyn Hocking, fundi bomba mstaafu. Kwa majaribio tu, nimeongezwa kwa kalamu. Wageni wakiridhika, mwakani nachapishwa kama wenzangu. Wasiporidhika, kwaheri. Gwenda Trembath wa ng'ambo ya barabara, mwenyekiti wa kamati, kaniambia bustani hailimwi kwa mdomo. Yeye ana nyumba ya mawe ya mwaka 1871 na mawaridi yaliyopandwa na bibi wa bibi yake. Mimi nina nyumba ya mbao, nyasi, na mlimau mmoja uani. Lakini akili ninayo!

Alhamisi, 19 Oktoba
Mke wangu Noreen kashauri tupalilie. Kupalilia! Nimeendesha gari saa nzima hadi kwa binamu yangu mwenye kitalu cha miche. Kaniazima mawaridi ishirini na mawili, yote yamechanua, kila moja ndani ya chungu chake cha plastiki. Nitazika vyungu, nitafunika kwa majani makavu, Jumatatu nitarudisha. Noreen kasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu yetu ni hatua kumi na tano, langoni hadi barazani. Inatosha.

Ijumaa, 20 Oktoba
Mashimo ishirini na mawili. Mgongo haunitii tena. Gwenda kachungulia juu ya ua, kauliza haya mawaridi yametoka wapi. Nikasema yalikuwepo siku zote, yanaona haya tu. "Makubwa!" akasema. "Jana nyasi, leo Edeni!" Wivu huo.

Jioni nikaenda kuunywesha mlimau, kama nifanyavyo kila siku, kwa njia ya wanaume wa hapa: bila ndoo, zipu tu. Baba alifanya hivyo, babu alifanya hivyo. Maji ya bomba hayafui dafu.

Jumamosi, 21 Oktoba
Asubuhi tamu. Wageni hamsini kabla ya saa tano. Sifa tele! Nimesimama langoni na kofia mpya, naitikia kwa kichwa kama askofu.

Kisha akaja bibi mmoja wa kofia ya zambarau. Wanawake wa hapa hawatembelei bustani bila kuondoka na kijiti cha kwenda kupanda. Si wizi, ni heshima, na mwenye bustani anatakiwa kutazama kando. Nikatazama kando. Ila huyu alisahau mkasi wake, akavuta. Kichaka kizima kikatoka, na chungu chake, na kibandiko cha kitalu kinapepea.

Halafu bibi akaniuliza, "Kumbe haya ni wapangaji, baba? Yanahama lini?"

Walicheka hadi barabarani. Niliona aibu ya kweli, nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji.

Jumapili, 22 Oktoba
Habari imeenea. Watu wamepanga foleni kuvuta mawaridi yangu, waone kama ni kweli. Watoto kwa wazee! Nikajua ramani imenipita.

Lakini walipokwenda uani kunywa chai, wote walisimama kwenye mlimau. Matawi yamelemewa hadi chini, malimau makubwa kama ngumi. Wakauliza siri. Nikasema uangalizi wa kila siku, wa binafsi.

Gwenda naye akaja. Akala skonzi ya Noreen iliyopakwa krimu na jemu ya limau. Akauliza hasa ni mbolea gani. Nikawa mwekundu. Noreen, birika mkononi, akasema, "Anayo mwenyewe, shoga. Haiishi."

Gwenda akautazama mlimau. Akanitazama mimi. Akaitazama skonzi. "Marehemu Stan wangu alikuwa hivyo hivyo," akasema, akamalizia kipande chote. Akaomba kingine.

Jumatatu, 23 Oktoba
Gwenda kaja langoni mwenyewe. Kamati imekaa. Mwakani nachapishwa! Namba nane: Mlimau wa Hocking, pamoja na chai. Machozi yalinilenga, sikuficha. Nimerudisha mawaridi ishirini na moja tu, kwa sababu moja nilimpa yule bibi wa zambarau. Noreen kasema sasa tutulie, tuna kila kitu.

Nimekaa barazani na daftari, jua zuri, moyo mweupe. Kosa langu nimeliona: vyungu vilizikwa juujuu mno. Mwakani ni mawaridi sitini, kina cha goti, bibi avute mpaka achoke. Nafasi nimeshapima, toka langoni hadi nyuma. Inatosha kabisa, isipokuwa kuna mti mmoja pale uani unaoziba kila kitu.

Kesho naazima msumeno.