Kibao Alichovishwa Mama Yangu

Ibaba, Wilaya ya Ileje
27 Juni 2011

Kwa Sista Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi ya Mtakatifu Gaudensia,
Tunduma.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIBAO, NA OMBI LA NAFASI YA DARASA LA KWANZA KWA MAMA YANGU MZAZI

Mheshimiwa Sista,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mmoraviani, lakini salamu hii tumeizoea tangu tulipomleta kwenu binti yetu Lusungu, aliye darasa la nne, na ukiisema getini mlinzi hufungua upesi. Najua tangazo lenu linataka wazazi waandike kwa Kiingereza. Nimejaribu, nikaishia kwenye tarehe. Basi naomba barua hii isomwe kimyakimya, mbali na wanafunzi, maana nisingependa Sista naye avishwe kibao kwa sababu yangu.

Kabla ya kulalamika nishukuru. Ripoti ya Lusungu ya muhula huu inapendeza. Kiingereza A, Sayansi A, Nidhamu A, na chini yake yapo maneno ya mwalimu wa darasa ambayo Lusungu alitusomea, nasi tukapiga makofi bila kuelewa. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kusifiwa kwa maandishi, isipokuwa dume letu la ng'ombe lililosifiwa na bwana mifugo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu Sayansi. Mtoto anazijua sehemu zote za mbegu ya haragwe kwa Kiingereza. Tulipompeleka shamba la bondeni kupalilia, aling'oa maharage mstari mzima akaacha magugu, huku akizitaja sehemu hizo moja baada ya nyingine bila kukosea. Mke wangu Erica alitaka kumchapa. Nilimzuia, nikamwambia hiyo ni A, na mtu hachapwi kwa A. Hili nalitaja tu, tumeshalisamehe.

2. Kuhusu kibao chenyewe. Kama bodi ya shule haikijui, ni kipande cha ubao chenye kamba, kimeandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayekutwa akisema lugha ya kwao huvishwa shingoni. Hakivui mpaka amnase mwenzake aliyekosea, amvishe yeye. Ni utaratibu mzuri, haumchoshi mwalimu, watoto wanawindana wenyewe. Siku ya kufunga shule nilifika getini nikamsalimu binti yangu kwa Kindali, kama ninavyomsalimu mtu yeyote ninayempenda. Naye akapiga goti, akaitikia kwa Kindali, kama tulivyomlea. Kumbe kiranja yuko nyuma yake. Wenzake walikuwa wameshapanda magari, hakuna wa kumpokeza, kwa hiyo Lusungu akaja nacho mpaka Ibaba. Ndiyo maana ile A ya Nidhamu naipenda lakini siielewi.

3. Mtoto aliogopa kurudi nacho, kwa sababu mmewaambia kwamba atakayerudi nacho kutoka likizo atakula amesimama. Jioni ileile akamnasa mama yangu, Bi Enesi. Kumnasa mama yangu si kazi. Ana lugha moja tu, Kindali, na huisema tangu anapoamka, kwa watu, kwa kuku na kwa Mungu. Sasa, Sista, mama hajui kusoma. Alidhani ni zawadi. Alidhani ninyi Wakatoliki mna kitu mnachowavisha wazee waliolea vizuri, kama mnavyovaa medali za Bikira Maria. Akamkumbatia mjukuu wake na kulia kwa furaha, na Lusungu akakosa pa kuanzia kumweleza. Mimi nami nikafurahi, maana sheria hiyo nilikuwa bado sijaelezwa, wala sikujua kimeandikwa nini.

4. Jumapili mama akakivaa kanisani, juu ya kitenge kipya. Akina mama wa kwaya wakauliza kinapatikana wapi. Seremala wetu, fundi Jonasi, ambaye hajawahi kuikataa kazi hata asiyoijua, alinakili herufi zote bila kuelewa hata moja, na Jumapili iliyofuata nusu ya kwaya iliimba imevaa vibao. Nayaandika haya ili Sista ajue kwamba mtaala wenu umefika mbali kuliko mnavyodhani. Sidhani kama kuna mwanafunzi mwingine wa darasa la nne ambaye kibao chake kimevaliwa na watu wengi kiasi hicho, na nilitegemea jambo kama hili lionekane kwenye ripoti.

5. Siku hiyo tulikuwa na mchungaji mgeni kutoka ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, ambako Kiingereza wanakijua. Alipoinuka kuhubiri akaitazama kwaya, akacheka. Akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Zebedayo, ambaye hapendi jambo lipite bila yeye kuelezwa, akamtaka atafsiri. Mchungaji alisitasita sana, maskini. Kilichoandikwa ni hiki: "Mimi ni mjinga, nimesema lugha ya nyumbani."

Akina mama wakavua vyao palepale. Fundi Jonasi amerudishiwa vyote na sasa vimeziba matundu ya banda lake la kuku. Mama hakuvua. Alimtazama Lusungu, akasema kama yeye ni mjinga mpaka ajue Kiingereza, basi atakaa nacho shingoni na atanyamaza mpaka akijue. Na amenyamaza kweli.

6. Sista, sijui kama umewahi kukaa na mtu aliyenyamaza ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Asubuhi hatuulizani tumelalaje. Majirani waliozoea kuja kwake kuamuliwa ugomvi wanakaa kidogo, kisha wanaondoka nao. Lusungu hamsogelei tena bibi yake, anakula ameelekea ukutani, na kile Kiingereza chake cha A hakisikiki. Naumia, sifichi. Nimeuza viazi msimu hadi msimu ili mtoto apate maneno, sikujua kwamba yatatolewa kinywani mwa mama yangu.

Basi, kwa kuwa kibao ni chenu na sheria ni yenu, na mama ameamua kuifuata kuliko mwanafunzi yeyote, naomba asajiliwe darasa la kwanza, bweni, kuanzia Julai. Sare tutashona wenyewe. Apewe kitanda cha chini, na asikimbizwe mchakamchaka kwa sababu ya magoti. Kama umri wake unazuia, mtutumie mwalimu huku Ibaba, tutamlisha. Huyo mwalimu awafundishe na kuku wetu, maana mama akishajua Kiingereza na kuanza kuwaita kwa lugha hiyo, hawatarudi bandani. Na kwa kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, ninyi viongozi wa dini mtuamulie pia kuhusu Mwenyezi Mungu, ambaye kwa miaka yote hii amekuwa akimsikiliza mama yangu kwa Kindali, na kumjibu. Sijui naye atavishwa na nani.

Nisalimie Padri, masista wote, mpishi ambaye Lusungu anamsifia maharage yake, na mlinzi wa getini. Mwambieni kiranja sina kinyongo naye, alifanya kazi yake.

Nabaki mimi, mkulima wa viazi na mzazi mtiifu,

Watson Kibona
Baba yake Lusungu

N.B. Bahasha ilikuwa bado wazi. Asubuhi hii Lusungu ameingia jikoni, akapita nyuma ya bibi yake, akaifungua ile kamba na kukitia kibao motoni, chini ya chungu. Kisha akamwomba msamaha kwa Kindali, akakosea, na mama akamsahihisha. Wanaongea mpaka sasa, nawasikia hapa nilipo. Kwa hiyo ile nafasi ya darasa la kwanza mpeni mtu mwingine, na kibao msikingoje. Nilipokwenda kumweleza mama kwamba nilikuwa nimeshaliandikia suala lake barua nzuri, yenye namba, amenitazama sana. Amesema: "Watson, kamba ilikuwa na fundo moja tu. Na wewe ulikuwa unaandika."