Mbuzi wa Fundi Ochwo

Naandika mapema ili msisikie kwanza kwa wapita njia. Leo nimejiaibisha, na nimejiaibisha mwenyewe, bila msaada wa mtu. Mimi na nyinyi wawili tulikaa dawati moja kule Mulanda, kwa hiyo mna haki ya kujua. Haki ya kucheka sijawapa.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ni nyapara mkuu wa kiwanda cha kuchambua pamba, maili chache kutoka Busia, upande huu wa Uganda. Na kiwanda chetu kina fundi mmoja tu wa maana, Ochwo. Wengine wanashika spana. Ochwo anajua mashine. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, anafumba macho, halafu anasema, "Beringi ya tatu itakufa Alhamisi." Inakufa Alhamisi. (Mara moja ilikufa Ijumaa. Aliomba radhi.)

Wiki hii tukasikia kiwanda kimoja cha upande wa Kenya kinamtaka. Mshahara ule ule, kazi ile ile. Walimpa mpaka leo aamue. Na msimu unaanza Jumatatu. Wakulima wameshaleta pamba, mikokoteni imepanga foleni mpaka barabarani, na bila Ochwo hakuna wa kuiamsha ile injini. Mwenye kiwanda akaniita ofisini.

"Nyapara, huyu asiende. Akienda yeye, na wewe utakwenda."

"Nimwongeze mshahara?"

Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Mfurahishe," akasema.

Haya. Mfurahishe. Nikafikiri, nikafikiri, nikanunua mbuzi.

Asubuhi ya leo nimemfunga mbuzi pale getini, beberu mnene, mweusi, mwenye ndevu nyingi kuliko mimi. Ochwo akafika. Akamwangalia mbuzi, akaniangalia mimi.

"Bwana nyapara, huyu mbuzi wa nani?"

"Wako," nikasema, nikicheka. Sikuongeza neno. Nilitaka liwe jambo la kumshtua.

Likamshtua kweli. Akashika ile kofia yake yenye mafuta. Kisha akasema polepole, "Sawa. Mimi naomba ruhusa kidogo. Nafika Busia, narudi."

Nikajua anakwenda kutafuta shati safi kwa ajili ya sherehe. Nikampa ruhusa. Nikampa na baiskeli yangu. (Ndiyo, yangu mimi. Nilimjazia hata upepo gurudumu la nyuma.)

Saa sita nyama ikawa tayari. Ochwo amerudi, shati ni lile lile. Wafanyakazi wote wamekaa uani, na akina mama wanaochagua pamba nao wamekuja. Nikashangaa jinsi walivyokuwa wapole. Siku nyingine nyama ikionekana hapa ni kusukumana. Leo kila mtu anatafuna taratibu, anatazama chini. Nikasema moyoni, kumbe hawa wana heshima.

Barasa, fundi wa mikanda ya mashine, akaomba kusema. Barasa si mtu wa maneno. Akasema Ochwo alimfundisha kazi tangu hajui hata kushika nyundo, na kwamba atamkumbuka maisha yake yote. Hapo akaketi, akajifuta macho kwa mkono wenye grisi. Uso ukabaki na mistari myeusi. Akina mama wakaimba wimbo wa kanisani, ule wa kuagana. Mimi nikapiga makofi. Nilifikiri ndiyo furaha ya watu wa huku.

Kisha nikasimama mimi.

Jamani, nilisema. Sikujua nina maneno yale tumboni. Nilisema jinsi fundi aliyeletwa kutoka Kampala alivyoshindwa na injini, akafunga sanduku lake, na Ochwo akaiponya kwa kipande cha mnyororo wa baiskeli. Nilisema hakuna pamba iliyotoka hapa miaka saba bila mkono wake. Nilisema nikisikia mashine inaunguruma vizuri asubuhi, najua Ochwo ameshafika, na moyo wangu unatulia. Hayo yote ni kweli, na sikuwahi kumwambia hata moja. Mimi nililelewa kazini hivyo: mfanyakazi ukimsifu leo, kesho atachelewa.

Nikamaliza kwa sauti ya juu. "Kwa hiyo kuanzia leo Ochwo ni fundi mkuu, na anabaki na sisi!"

Nikangoja makofi. Hakuna aliyepiga. Mama mmoja alikuwa ameinua mfupa, akaurudisha sahanini.

Ochwo akasimama. "Bwana nyapara, nabaki namna gani? Si umenichinjia mbuzi?"

"Ndiyo, nimekuchinjia ubaki."

"Hapa nani alichinjiwa mbuzi akabaki?"

Nikahesabu. Mbuzi wa kwanza tulimchinja siku mlinzi mzee alipoambiwa nguvu zimekwisha, arudi kwao Lunyo. Wa pili tulimchinjia mfanyakazi aliyekatwa vidole vitatu na mashine, siku anaondoka. Wa tatu tulimla kwenye matanga ya mwenzetu mmoja. Hakuna mwingine. Na wote watatu nilinunua mimi.

"Nilijua mmenifukuza kwa adabu," akasema Ochwo. "Nikaenda Busia. Yule mtu wa Kenya alikuwa ananingoja pale mpakani. Nikamwambia nakuja. Tumepeana mkono."

"Na kabla ya mbuzi? Ulikuwa umeamua nini?"

"Kukataa. Mama yangu yuko huku."

Nikakaa kwenye robota la pamba. "Basi rudi ukamwambie umebadili nia."

"Nimwambie mtu mzima nilidanganywa na mbuzi?"

Watu wawili watatu wakacheka, kisha wakaona haya. Ochwo hakucheka. Akaja karibu, akaongea chini chini, mimi na yeye tu.

"Yale maneno uliyosema, ni ya kweli au ya nyama?"

"Ya kweli, Ochwo. Haki ya Mungu."

Akatikisa kichwa. "Miaka saba mimi nangoja uniambie neno moja tu. Ungesema jana, hata bila nyama, nisingekwenda." Akanipa mkono, akanishukuru kwa baiskeli, akaenda kufungasha vifaa vyake. Nilitamani anitukane. Ingekuwa nafuu.

Saa tisa gari la mwenye kiwanda likaingia. Akashusha kioo. "Amekubali?"

"Amekula," nikasema. 

Hakuuliza tena. Akasema Jumatatu injini isipowaka, funguo za nyumba ya kiwanda ninayokaa niziache mezani kwake. Nina watoto watano katika hiyo nyumba, mnawajua kwa majina.

Jioni, watu wanatoka, Barasa akabaki nyuma. Akasimama mlangoni kwangu, ile mistari myeusi bado iko usoni. Akasema Ochwo alimwonyesha jinsi ya kuwasha injini, si vizuri kama yeye, lakini atajaribu. Kisha akakohoa.

"Bwana nyapara, nina ombi. Mimi usinichinjie mbuzi. Kama kazi yangu ni nzuri, niambie tu."

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka. Huyu ndiye aliyebaki, na kazi yake ni nzuri, na nyumba yangu sasa iko mikononi mwake. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, na maneno yaliyotoka ni haya:

"Mbona ule mkanda umeuacha juani?"

Akaenda, akauokota, akauingiza stoo, akaondoka bila kuaga. Sijui kama Jumatatu atakuja. Msicheke, tafadhali. Niandikieni tu, huko kwenu mtu anaanzaje kusema?