Jimbo Zima la Texas Dhidi Yangu

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimeipata! Sufuria ya Bi. Vlasta Hruska imo kwenye pikapu yangu, ndani ya sanduku la vifaa, chini ya turubai. Nzito ajabu. Mgongo unaniuma hadi sasa.

Bi. Hruska ameshinda mashindano ya mchuzi wa chili, ule wa nyama na pilipili, hapa wilayani miaka sita mfululizo. Mimi nimewahi kuwa wa pili mara moja, mwaka ule washiriki tulipokuwa wawili tu. Watu husema ana mkono wa kupika. Uongo. Ana sufuria. Ya bibi yake, chuma cheusi, haijaonja sabuni tangu Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo saa nne alikwenda saluni. Sufuria hukaa kibarazani, na kibaraza chake hakina mlango. Sijavunja chochote. Nimeazima bila kumsumbua mwenyewe.

Tena nimejiandaa kisheria. Nimechukua maktaba kijitabu cha haki za raia mbele ya polisi. Kumbe askari hawezi kupekua gari langu hivi hivi! Lazima nimruhusu, au awe na hati ya hakimu, au awe na sababu ya msingi. Sababu ya msingi ni nini sijui. Ukurasa huo nimeumwagia mchuzi.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimekamatwa.

Nilikuwa napeleka sufuria kwa binamu yangu nikajaribie mchuzi huko. Naibu sherifu Ybarra, askari wa wilaya, akanisimamisha. Taa ya nyuma haiwaki, akasema. Kijana mpole, ana adabu. Akaniandikia onyo, akanirudishia leseni, akaniambia niendeshe taratibu.

Hapo mtu yeyote angeondoka. Mimi nikatoa kichwa dirishani nikamwambia kwamba nakataa kupekuliwa.

Hakuwa ameniomba.

Akauliza, "Kupekuliwa nini, mzee?" Nikamwambia nina haki ya kukaa kimya. Nikamweleza haki hiyo kwa kirefu, na mifano. Ndipo akaomba kuangalia ndani ya sanduku. Nikasema hapana! Hapana safi kabisa, ya kijitabuni. Akasema basi nisubiri, anaita mbwa wa polisi.

Nikasubiri kando ya barabara juani, dakika arobaini na moja. Najua kwa sababu nilibanwa na haja ndogo tangu dakika ya pili. Mbwa akafika. Anaitwa Seneta. Kazi yake ni kunusa madawa ya kulevya, lakini miaka mia ya nyama na bizari si mchezo. Akazunguka pikapu mara moja, akaruka juu ya turubai, akaanza kulia kama mtoto aliyemwona mama yake.

Wakafungua. Jina HRUSKA limechongwa kwenye mfuniko. Sikuwa nimeliona.

Ybarra akanifunga pingu, akanisomea haki zangu. Nina haki ya kukaa kimya. Nina haki ya wakili. Kama sina uwezo, nitapewa! Maneno niliyoyasikia kwenye televisheni maisha yangu yote, leo yanasemwa kwa ajili yangu, Dewey Stubblefield. Nywele zilinisimama. Nikamshukuru. Akasema hajawahi kushukuriwa.

Jumamosi, 14 Oktoba

Asubuhi nilipelekwa mbele ya hakimu. Nikapewa karatasi. Imeandikwa: JIMBO LA TEXAS DHIDI YA DEWEY RAY STUBBLEFIELD.

Nimeisoma mara nane. Jimbo zima! Watu milioni thelathini, mafuta, ng'ombe, gavana, upande mmoja. Upande wa pili, mimi peke yangu na suruali inayohitaji mkanda. Na hata hivyo jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa sawasawa na la Texas.

Nimeachiwa kwa kutia saini tu, nirudi nitakapoitwa. Nikawahi mashindano ya chili, yaliyokuwa leo hii. Sufuria imeshikiliwa na polisi kama kielelezo, hivyo Bi. Hruska alipikia kwenye sufuria ya alumini ya kuazima.

Ameshinda. Saba mfululizo.

Jumanne, 24 Oktoba

Nimekutana na wakili niliyepewa na mahakama, Bi. Quintanilla. Ana mafaili thelathini kwenye kigari cha sokoni na baga nusu mfukoni. Akaniambia kosa langu linaweza kunifunga miezi sita. Miezi sita!

Nikampa mipango yangu ya utetezi. Wa kwanza: nina pacha mwovu. Wa pili: sufuria ilidondoka toka kwenye lori. Wa tatu: nijitetee mwenyewe, yeye anishikie koti. Akanisikiliza hadi mwisho, akafuta miwani, akaniomba kwa heshima zote nisizungumze na mtu yeyote mpaka Krismasi.

Kisha akauliza mbwa alichukua muda gani kufika. Arobaini na moja, nikasema. Baada ya kurudishiwa leseni? Baada.

Akaacha kutafuna. Akasema, "Rudia hiyo, Bwana Stubblefield. Polepole."

Jumatano, 15 Novemba

Sijui nianzie wapi. Leo jaji amesikiliza ombi la Bi. Quintanilla kwamba sufuria isipokelewe kama ushahidi.

Chumba cha mahakama kina dari iliyo juu kuliko ya kanisa letu. Jaji Oleta Crenshaw aliingia, mama mwenye umbo dogo, joho jeusi, na wote tukasimama. Wengine walipoketi mimi nilibaki nimesimama. Karani akanivuta koti.

Wakaonyesha video ya kamera iliyokuwa kifuani mwa Ybarra. Nikajiona natoa kichwa dirishani kama kobe. Watu wakacheka. Bi. Quintanilla akaiacha ikaendelea. Dakika kumi. Ishirini. Arobaini na moja, hakuna anayefanya lolote, mzee mmoja tu anabana magoti. Kicheko kikaisha.

Mwendesha mashtaka alisema nilikuwa najikanyaga na kutoka jasho. Bi. Quintanilla akasimama na kusema kusimamishwa kwa gari barabarani huisha shughuli ya taa inapoisha, na mtu hawezi kushikiliwa kwa kuwa amekataa kupekuliwa. Kisha jaji mwenyewe akamgeukia Ybarra. Akamuuliza: alipokwisha kurudisha leseni, alijua nini juu ya kosa lolote?

Angeweza kutunga. Angesema alinusa bangi, nani angebisha? Mimi? Ybarra alitazama kofia yake. Akasema, "Sikujua kitu, Mheshimiwa. Nilihisi tu."

Alisema kweli mbele ya sherifu, bosi wake, aliyeketi nyuma, kwa faida yangu mimi.

Jaji akasema hivi, nimeandika kama alivyosema: "Kila mtu humu ndani anajua sufuria ilikuwa wapi. Sikuulizwa hilo leo. Nimeulizwa kama serikali inaweza kumzuia mtu barabarani kwa sababu ya hisia. Haiwezi. Hata mtu huyu."

Hata mtu huyu! Yaani mimi! Ushahidi ukatupwa, na bila sufuria hakuna kesi. Mwendesha mashtaka akafunga faili. Texas imeshindwa. Nilitaka kupiga magoti, Bi. Quintanilla akanishika kiwiko.

Nje kwenye ukumbi alikuwepo Bi. Hruska, amepakata sufuria yake aliyorudishiwa. Nilijaribu kupita nyuma ya mashine ya soda. Akaniona.

"Dewey," akasema, "ungeniomba ningekuazima. Bibi yangu alivuka bahari nayo, ikiwa na mtoto mchanga ndani. Mtoto huyo ndiye mama yangu. Wiki tano nimeiwaza kama mgonjwa."

Akaenda zake, taratibu, kwa vile ni nzito. Nilisimama pale. Nikafikiri nimfuate nimbebee. Nikafikiri sana. Kisha nikang'amua: alikuwa ananitega nikiri mbele ya mashahidi! Mama mjanja. Nikakaa kimya. Haki yangu.

Alhamisi, 16 Novemba

Siwezi kula. Naona joho lile kila nikifumba macho. Mama wa umbo dogo vile, sentensi tano, na Texas nzima ikarudi nyuma.

Nimempigia Bi. Quintanilla kuuliza mtu huwaje jaji. Akasema majaji wa hapa huchaguliwa kwa kura, na ule uhakimu mdogo wa kata hauhitaji hata shahada ya sheria. Akaongeza haraka kwamba hilo si pendekezo.

Nimelichukua kama pendekezo.

Jumapili, 19 Novemba

Nagombea uhakimu wa kata! Ninataka kulitumikia jambo hili kubwa kwa mikono yangu yote miwili.

Anayetaka kukwepa ada ya kugombea huleta saini mia mbili za wapiga kura wa kata. Nimezunguka siku tatu nikapata tisa. Watu wana wivu. Leo baada ya ibada nikapita makaburini nyuma ya kanisa na daftari, nikakuta kata nzima imejipanga kwa mistari, majina yanasomeka vizuri, hakuna anayenifungia mlango. Nimeandika mia moja tisini na moja. Nimetumia kalamu tatu tofauti. Wale waliozaliwa karne ya kumi na tisa nimewapa mwandiko wa kulala, wa kizamani.

Chini ya fomu pana kiapo, kwamba kila saini ni halali na imetiwa mbele ya macho yangu, na Mungu anisaidie. Nimekisoma kwa sauti, nimesimama, mkono juu. Maneno mazito, yenye heshima. Machozi yalinilenga.

Nimeapa mara mbili.